Pokea Mkono wa Anayekuja

Mwenzenu nina aibu moja ambayo kila nikikanyaga Nkololo lazima nikutane nayo, maana hapakosi mtu wa kuniuliza, "Maduhu, leo hatuimbi?" na wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao (utafanyaje?), lakini masikio yanawaka moto. Leo nimeamua niisimulie mwenyewe kwa sababu wanaoisimulia wanaitia chumvi, kuna mmoja pale Bariadi mjini anaapa kabisa kwamba nilimbeba. Sikumbeba. Nilimshika mikono tu, na kwa Msukuma wa miaka ile kumshika mikono mama mkwe kulitosha, hakukuwa na haja ya kubeba.

Kwa asiyejua mambo yetu, mama mkwe hukai naye, huli naye, jina lake hulitaji na lako yeye halitaji, na mkikutana njiani mmoja lazima aiache njia. Si ugomvi, ni heshima. Mimi nilipoanza kumchumbia Kabula, binti wa mzee Masunga wa Nkololo, siku moja nilikuwa kwenye baiskeli natokea kwao, mara nikamwona mama yake anakuja kwa mbele na debe la maji kichwani. Sikujiuliza mara mbili, nikakata kona nikaingia na baiskeli yangu moja kwa moja kwenye ua wa minyaa, utomvu ukaniingia jichoni, siku tatu nikawa natazama dunia kwa jicho moja. Habari zikamfikia mzee Masunga. Akasema, "Huyu kijana ana adabu," na kwa neno hilo, jamani, mambo yangu yote yakanyooka, mahari ikakubaliwa, ikabaki tu kumaliza msimu wa pamba ndipo ng'ombe wapelekwe.

Kwa hiyo mshike hilo: sikuwa na shamba kubwa, sikuwa na duka, nilikuwa mtoto wa Binza kule Maswa mwenye kidato cha nne na baiskeli iliyopinda usukani. Kilichokuwa kinanipa Kabula ni ile adabu ya kwenye minyaa, basi.

Miaka hiyo ndiyo soko huria lilikuwa limeingia kwenye pamba. Zamani ulikuwa unauza ushirika na kusubiri, sasa kila mwenye lori na mizani akawa mnunuzi. Mimi nilikuwa karani wa mizani wa bosi Salumu, mfanyabiashara wa Bariadi mjini ambaye mwaka wa nyuma alikuwa anauza vitenge na mwaka ule akaamka mnunuzi wa pamba. Msimu ulipofunguliwa akanihamisha kutoka Maswa akanipeleka kituo cha Nkololo. Nkololo! Ukweni!

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa langu dogo, na nawaomba mliangalie vizuri kwa sababu mengine yote yalizaliwa nalo. Ukihamia maeneo ya ukweni unatuma neno kwanza. Unamtuma mshenga anasema, fulani sasa anakaa sehemu fulani, anapita njia fulani, ili mama mkwe ajue wapi apite na wapi asipite. Ni jambo la dakika tano. Mimi sikutuma. Nilijua nikituma tu, macho ya ukoo mzima yatahamia kwangu, na mimi nilikuwa na mipango ya kuonana na Kabula kisimani jioni jioni bila macho ya mtu. Nikajisemea nitatuma wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki ijayo tena.

Pale Nkololo nikakutana na mwalimu Kalebu, Mmarekani kijana, mrefu, amekonda, anafundisha hesabu kwa kujitolea. Tulijuana siku aliyokuja kituoni kuomba apimwe uzito kwenye mizani ya pamba, akajining'iniza kwenye ndoano kama gunia, nikamwambia, "Mwalimu, wewe ni fifi," yaani pamba ya daraja la mwisho, na alipoelewa alicheka mpaka ndoano ikayumba. Kuanzia hapo tukawa marafiki. Alikuwa na fidla ya babu yake, aliyotoka nayo kwao kwenye milima ya Apalachia, na hiyo Apalachia kwa maelezo yake nako ni bush tu: wanalima, wanafuga, barabara mbovu, wanaume wanakwenda kuchimba makaa ya mawe na wengine hawarudi, na watu wa mijini wanawacheka kwa namna wanavyozungumza. Nikaona huyu ni mtu wa kwetu.

Fidla yenyewe hakuiweka kidevuni kama kwenye picha za vitabu, aliiegemeza kifuani, akafumba macho, akapiga mguu chini, akaimba kwa sauti ya juu inayopitia puani. Mara ya kwanza alipoimba nje ya nyumba yake, ulikuwa wimbo wa mke anayemsubiri mume aliyekwenda kwenye makaa, bibi mmoja jirani alikuja mbio kuuliza nani kafariki. Lakini wazee waliizoea upesi. Walisema hilo ni zeze tu, ila la kizungu lina nyaya nne kwa sababu wazungu hawaridhiki na moja. Wakampa jina, Ng'wana Zeze, yaani mtoto wa zeze, na mimi jioni nikawa nakaa kibarazani kwake najifunza zile nyimbo, na sauti ya puani nikaipata mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

Wimbo niliopenda kuliko zote ulikuwa wa kucheza. Kwao, alisema, vijana waliokatazwa kucheza ngoma waliimba huu, wakasema huu si ngoma, ni wimbo tu. Wanaume wanafanya duara la ndani, wanawake la nje, mnazunguka kwa kupishana, na wimbo wenyewe ndio unaowapa amri. Nikauweka kwa lugha yetu, na kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

*Chungu kiko motoni, kuku yuko nje,*
*zunguka na wako, kisha mwache aende,*
*pokea mkono, pokea mkono,*
*wa anayekuja mbele, pokea mkono.*

Ukifika "pokea mkono" unamwachia uliye naye, unamshika anayefuata, mnazunguka mara moja, mnaachana. Nikamuuliza Kalebu, "Mpaka lini?" Akanieleza kihesabu, akachora chini kwa kijiti, miduara miwili na vidoti. "Mpaka kila mtu amekutana na kila mtu," akasema. "Hakuna anayekosa." Mimi nikafurahi sana kusikia hakuna anayekosa.

Basi, ng'ambo ya barabara kulikuwa na mnunuzi mwingine, na Ijumaa moja huyo mshindani akaleta kundi la wacheza nyoka. Si mnawajua? Wanakuja na chatu kwenye kikapu, wanamvaa shingoni, ngoma zinalia, na wakulima wote na mikokoteni yao wakahamia kule, kituoni kwetu ikabaki mizani inapigwa na upepo. Bosi Salumu alikuja siku hiyo hiyo na pikipiki, kofia yake ya kiua imekaa upande kwa hasira.

"Maduhu, wale wana chatu! Sisi tuna nini?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Bosi, tuna mzungu."

Jumatatu asubuhi tukaanza. Kalebu akapanda juu ya magunia na fidla yake, akapiga, nami nikaimba kwa kupaza, ile ya puani, na ndugu zangu, watu walikuja! Walimwacha chatu wa watu peke yake na mwenyewe. Wakapanga mikokoteni kwetu mpaka barabarani, wengine wakasahau kushusha pamba, na nilipowaeleza habari ya miduara vijana wakaruka ndani bila kubembelezwa. Wasichana walianza kwa kuziba midomo, kisha wakaingia mmoja mmoja, kisha wakaingia wengi.

Ningeweza kabisa kuimba nikiwa nimesimama pembeni ya mizani, pale ndipo penye kazi yangu. Lakini nikamwona Kabula ameingia duara la nje, na gauni lake la maua, ananitazama kwa pembeni. Nikahesabu. Hakuna anayekosa, si ndivyo alivyosema mwalimu wa hesabu? Mchana kweupe, mbele ya umma, ningemshika Kabula mikono na hakuna wa kunihoji, kwa sababu wimbo ndio umesema. Nikamwachia msaidizi mizani, nikaingia duara la ndani huku naimba.

Nikapokea mkono wa kwanza, wa pili, wa tano, mpaka Kabula akafika, nikamshika mikono yote miwili, nikataka kumchekea, nikaona uso wake umekauka.

"Mama yumo," akasema kwa meno.

"Yumo wapi?"

"Duarani! Mama wadogo wamemvuta. Hajui kama uko huku. Wa sita nyuma yangu."

Na wimbo ukasema mwache aende, akaenda.

Nikatupa jicho. Kweli, wa sita, mtandio wa njano, anacheka na wenziwe, amejiachia kabisa kama mama aliyeuza pamba ya daraja la kwanza. Angejuaje? Neno halikutumwa. Kwake yeye mimi nilikuwa Maswa.

Nikapokea mkono wa kwanza kati ya wale sita, na hapo hapo nikampungia Kalebu asimamishe. Kalebu amefumba macho, yuko kwao milimani. Mkono wa pili, nikaamua nisiimbe, mwimbaji akinyamaza si wimbo unakwisha? Wapi! Watu walikuwa wameshaushika, wakauimba wenyewe, tena kwa nguvu kuliko mimi, watu mia wanapiga kelele pokea mkono, pokea mkono. Wa tatu, nikachomoka duarani, nikapenya mpaka kwenye ukuta wa watazamaji, nikakumbana na kifua cha bosi Salumu.

"Unakwenda wapi ngoma imekolea? Rudi uimbe!" Akanigeuza kwa mabega, akanisukuma ndani, nikapokelewa na mkono wa nne, bibi mmoja mwenye nguvu ajabu, akanizungusha mara mbili kwa ziada.

Sasa nikachanganyikiwa. Nikavuta kofia yangu mpaka puani, nikawaza (cheka tu, hata mimi nacheka) kwamba nisipomwona na yeye asiponiona itakuwa hatujaonana, na nikapokea wa tano nikiwa kipofu, huku napiga kelele kwa Kiingereza, "Kalebu, stop! Stop!"

Na Kalebu, jamani, safari hii akasikia. Ila alishaniambia zamani, na mimi nilikuwa nimesahau, kwamba kwao fidla haikatwi katikati, mtu wa heshima anamaliza kwanza mzunguko ulioanza. Kwa hiyo alimaliza mzunguko. Nikapokea mkono wa sita, tukazunguka, kofia ikanitoka kichwani ikaenda zake, na pale pale fidla ikanyamaza.

Watu wote mikono yao imeshaachana, maana wimbo umekwisha, isipokuwa mimi. Nilikuwa nimemshika mama yake Kabula mikono yote miwili, katikati ya kituo cha pamba, kofia hakuna, uso mtupu. Nikiulizwa kwa nini sikuachia nasema ukweli wangu, mikono ilikataa. Ilikauka. Kuna shahidi alisema baadaye kwamba nilishika kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili, na sikumbishia.

Alinitazama. Hakupiga kelele. Alivuta mikono yake taratibu, akajifunika mtandio uso mzima, akageuka, na wanawake wakampisha njia.

Mtu mmoja kwenye foleni akauliza, si kwa ubaya, aliuliza tu kama mtu anayeuliza bei: "Huyo si mkwe wa Masunga?"

Na mzee Masunga alikuwa wapi? Alikuwa kwenye mizani yangu. Robota lake la kwanza limeshaning'inia kwenye ndoano, sindano inatikisika. Alinitazama mimi, akaitazama mizani, akamwambia msaidizi wangu, "Shusha pamba yangu."

Akapakia kwenye mkokoteni, akawageuza ng'ombe, akavuka barabara akaenda kwa wenye chatu. Jirani yake akamfuata. Kisha jirani wa jirani. Mpaka saa nane tulikuwa tumebaki mimi, bosi, Kalebu na fidla, na bosi Salumu hakunitukana, alisema tu, "Maduhu, kesho rudi Maswa." Hilo wala halikuniuma sana. Lililoniuma lilikuwa ile njano inayopotelea kati ya mikokoteni, na Kabula nyuma yake, hakugeuka hata mara moja.

Siku tatu sikula kitu cha maana. Siku ya nne tukaitwa. Nikaenda na mjomba wangu Nkuba, ambaye ndiye alikuwa mshenga, na njia nzima alikuwa anarudia kitu kimoja, "Ukifika pale unyamaze. Mdomo wako umeimba vya kutosha." Kalebu naye akatufuata, sikumwalika, alikuja na fidla yake mgongoni akisema kosa ni lake na mwanaume hujitokeza.

Tukakaa kwenye vigoda pembeni ya zizi, asubuhi, ng'ombe wameshatoka. Mzee Masunga, ndugu zake wawili, na shangazi yake Kabula, mama mmoja mnene mwenye sauti. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, hatumwoni lakini tulijua anasikia.

"Mwangaluka," tukasalimia kwa sauti za chini.

"Mwangaluka," wakaitikia, za chini zaidi.

Kalebu akaomba kusema kwanza. Nikamsihi kwa macho akae, hakukaa. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, mkono kifuani, kwamba anasikitika sana, hakujua, kwa sababu kwao kwenye harusi bwana harusi anaanza kucheza na mama mkwe kabla ya mtu mwingine yeyote, na anamkumbatia.

Wazee wakanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema pole," nikajibu.

"Maneno yote yale ni pole?"

"Kwao pole ni ndefu."

Mzee Masunga akatikisa kichwa, akamwambia Kalebu asante, wabeja, akae. Kisha akanigeukia mimi na kunipa swali ambalo mpaka leo sijawahi kupewa gumu kama lile, hata kwenye mtihani wa taifa.

"Maduhu. Mimi sina maneno mengi. Ng'ombe wako hawajafika hapa. Kwa hiyo nataka nijue huyu aliyekuwa duarani ni nani. Ukisema wewe ni mkwe, basi mkwe ulihamia hapa bila kutuma neno, ukajificha kama mwizi, ukamshika mikono mama yako mbele ya watu. Ukisema wewe bado si mkwe, basi wewe ni mwanaume tu wa barabarani, na umeshika mikono ya mke wangu. Sema mwenyewe. Ni yupi kati ya hao?"

Mjomba Nkuba akanikanyaga mguu, maana yake nyamaza. Nilijua anachowaza. Nikisema si mkwe, aibu ya ukwe inaniondokea, naomba radhi kama mgeni, natoka pale na ng'ombe wangu wote. Ila natoka bila Kabula. Nikisema ni mkwe, nimejitia kitanzi mwenyewe, na wanaweza kabisa kusema mkwe wa namna hii hatumtaki.

"Mimi ni mkwe," nikasema. "Nilijificha kwa sababu nilitaka kumwona Kabula bila macho ya watu. Nikaingia duarani kwa sababu nilitaka kumshika Kabula mkono. Wimbo sikulazimishwa, niliutafsiri mwenyewe. Mimi ni mkwe, na nimekosa."

Mjomba akafumba macho. Mzee Masunga akachukua kijiti akaanza kuchora chini. Kisha kutoka ndani ya nyumba kikasikika kikohozi. Kimoja. Shangazi akainuka na mwili wake wote, akaingia ndani, akakaa huko muda ambao niliona ni msimu mzima, akatoka.

"Mwenye mikono anasema hivi," akatangaza. "Anasema, aliyeingia kwenye minyaa macho wazi asihukumiwe kwa duara peke yake. Na anasema duarani hakubebwa na mtu. Aliingia kwa miguu yake, na alikuwa anafurahi."

Ndugu mmoja akataka kucheka, kicheko akakigeuza kikawa kikohozi. Mzee Masunga akaendelea kuchora, akafuta alichochora kwa kiganja.

"Utaleta kondoo," akasema mwishowe. "Wa kuosha aibu. Na hao ng'ombe walete kabla ya mwezi kwisha, usisubiri pamba, kabla hujapata wimbo mwingine."

Nikalia, wenzangu. Mtu mzima, mbele ya ng'ombe wa watu, nililia mpaka Kalebu akaniuliza kama tumeshindwa.

Kondoo nilipeleka, na ng'ombe wakaenda, na Kabula nikamuoa, ndiye huyu anayenisahihisha kila nikiisimulia hadithi hii (anasema mama yake hakuwa wa sita, alikuwa wa saba). Kalebu aliondoka mwaka uliofuata na fidla yake. Mama mkwe kwa miaka yote hiyo tuliheshimiana kwa mbali, nikija yeye yuko jikoni, akipita mimi natazama zizi, na hakuna siku alinitaja jina. Akitaka kujua kama nimefika alikuwa anauliza watoto, "Mwimbaji kaja?"

Mwaka juzi aliugua, miguu ikawa haimbebi tena, naye akawa haoni vizuri. Tulikwenda kumwona, Kabula akaingia ndani, mimi nikakaa nje kwenye kigoda kama inavyotakiwa, mgongo wangu umeegemea ukuta wa chumba chake. Baadaye Kabula akatoka, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Mama anasema umwimbie ule," akasema.

"Ule upi?"

"Unao mwingine?"

Nilikuwa nimeapa siuimbi tena. Nikauimba, bila fidla, ile sauti ya puani imeshazeeka inakwaruza, chungu kiko motoni, kuku yuko nje, na nyuma ya ukuta nikasikia makofi, taratibu, makavu, ya mikono ya mtu mzima, anashika mapigo vizuri kabisa. Zunguka na wako, makofi yanakuja. Mwache aende, yanakuja. Tulipofika "pokea mkono" makofi yakanyamaza, na mimi nikanyamaza pale pale, tukaiacha ile sehemu ipite yenyewe, kila mtu upande wake wa ukuta. Kisha yakaanza tena, nami nikaanza, ubeti uliofuata, na kila tukifika pale tulikuwa tunanyamaza wote.

Alifariki kabla ya mvua. Binti yangu mkubwa sasa ana mchumba, kijana wa Bariadi, na wiki iliyopita huyo kijana aliniambia amehamishiwa kazi karibu na kwetu na angependa kunionyesha kinanda chake. Nikamwambia kinanda kitasubiri, kwanza atume neno.